Mkono Umegusa, Miguu Inangoja Nini?

Hotuba hii niliitoa Muheza, mkoani Tanga, mwezi Oktoba, mbele ya wanachama wa vikundi vya vikoba na wageni wao. Baadhi ya waliokosa kufika waliniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaacha tu picha zilizooneshwa ukutani.

Waheshimiwa viongozi, masheikh na wachungaji mliopo, kina mama wenyeviti wa vikundi, na kina baba wachache mliothubutu kuja mkakaa viti vya nyuma: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Barua ya mwaliko ilisema nije kuwafundisha kujichunguza matiti, nami nimekuja na donge la unga wa chapati. Nimelikanda leo alfajiri, na ndani yake nimeficha vitu vitatu: komwe moja ya bao, harage moja, na punje moja ya choroko. Lipitisheni mkono kwa mkono. Kila mmoja alishike, alibonyeze, asilipasue, kisha ampe mwenzake. Nitauliza baadaye nani ameona vingapi.

Wakati donge linazunguka, niwaambie mimi ni nani. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kliniki ya upasuaji, mlangoni, mahali ambapo mgonjwa hufunguka kwa muuguzi kabla hajamwona daktari. Niliwauliza wanawake wengi swali moja: nani aliuona uvimbe huu kwanza? Daktari? Mashine? Hapana. Karibu wote walijibu: mimi mwenyewe. Alikuwa anaoga, au anajipaka mafuta, au anamhamisha mtoto kutoka ziwa moja kwenda jingine, au anakaza kanga kifuani, mkono ukapita mahali unapopita kila siku, na siku hiyo ukakwama.

Kwa hiyo nikisimama hapa nikasema kwamba wanawake wetu hawajui kujigusa, nitakuwa nawasingizia. Wanajigusa. Wanajua kwamba kuna kitu. Kisha wanakaa nacho. Ndugu zangu, mazungumzo yangu ya leo yanahusu huko kukaa: zile wiki, miezi na hata miaka inayopita kati ya siku mkono ulipogusa na siku miguu ilipofika hospitali.

Yupo mama mmoja ambaye sitamtaja jina wala kijiji. Alikuja kliniki asubuhi, amevaa vizuri, na kabla hajafika mlangoni tulisikia harufu nzito ya udi. Nilifikiri anatoka harusini. Alipokaa akaanza kufungua kanga, chini yake kulikuwa na kanga nyingine iliyokunjwa mara nne, na chini ya hiyo pamba, na chini ya pamba kidonda kilichokuwa kimelila ziwa la kushoto karibu lote. Udi ule aliufukiza asubuhi na jioni ili watu wa nyumbani wasisikie harufu ya kidonda. Jirani zake walikuwa wakimtania kwamba uzeeni amerudi kuwa bi harusi. Nilimuuliza kilianza lini. Akasema kilianza kama punje ya hindi, miezi 18 nyuma, na hakikuuma. Alilirudia neno hilo: hakikuuma, mwanangu, ndiyo maana nikakiacha.

Hakikuuma. Ni wangapi humu mnaongoja maumivu ndipo muende hospitali? Jino tunalingoja liume, tumbo tunalingoja liume. Lakini uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni. Unakaa kimya, mgumu, hausumbui kazi wala usingizi, na kimya hicho ndicho kinachomdanganya mtu. Kinachouma sana kabla ya hedhi na kupungua baadaye, mara nyingi si saratani. Tumezoea kuogopa maumivu, kumbe kwa ugonjwa huu kisichouma ndicho kinachotakiwa kututoa nyumbani.

Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Afrika Kusini, ambayo si nchi maskini kwa kipimo cha bara letu, ni kama 40. Je, matiti ya wenzetu wa Ulaya yameumbwa kwa udongo mwingine? Zipo tofauti za aina za ugonjwa, sikatai, na zipo tofauti kubwa za matibabu. Lakini ipo tofauti nyingine iliyo mikononi mwetu: hapa Tanzania, takriban wagonjwa wanane kati ya kumi hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya kwanza uvimbe ni mdogo na uko ndani ya titi peke yake. Upasuaji na dawa vinaweza kuumaliza. Hatua ya tatu umekua, mara nyingi umeshika tezi za kwapani au ngozi yenyewe. Hatua ya nne umesafiri hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na hapo tunachoweza mara nyingi ni kuupunguza kasi na kumtuliza mgonjwa. Ni ugonjwa uleule wa mtu yuleyule, lakini hatua hizo zimetenganishwa na muda.

Sasa nitasema jambo ambalo pengine walionialika wangependa nisiliseme jukwaani. Katika mji wa Shanghai, nchini China, kati ya mwaka 1989 na 1991, watafiti waliwachukua wanawake 266,064 waliofanya kazi katika viwanda vya nguo. Nusu yao walifundishwa kujichunguza matiti, wakafanya mazoezi na kukumbushwa mara kwa mara. Nusu ya pili hawakufundishwa. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Unadhani kundi lipi lilipoteza watu wachache kwa saratani ya matiti? Katika waliofundishwa walikufa 135. Katika wasiofundishwa walikufa 131. Tena waliofundishwa walipasuliwa zaidi kwa vivimbe ambavyo havikuwa saratani.

Je, nichukue donge langu nirudi nyumbani? Nilijiuliza hivyo niliposoma matokeo yale, maana nilikuwa nimefundisha vikundi vingi kwa bidii na kwa mabango. Kisha nikaona swali linalotuhusu sisi. Wanawake wale walikuwa na wahudumu wa afya viwandani mwao, na hata wale ambao hawakufundishwa, walipoona uvimbe, wengi walitibiwa ungali mdogo kiasi. Mkono uliofundishwa haukuongeza mengi kwa sababu njia ya kwenda kwa daktari ilikuwa fupi tayari. Mama wa udi hakukosa ujuzi wa vidole. Miezi 18 ile hakuitumia kuutafuta uvimbe, maana alikuwa ameshaupata.

Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi hawaisisitizi ile ratiba ya kila mwezi yenye hatua za kukariri kama somo la shule. Wanasisitiza kuyajua matiti yako: yalivyo, yanavyobadilika ndani ya mwezi, lipi ni kubwa kuliko jingine, wapi pana mabonge yako ya kawaida. Mwenye shamba la michungwa hahitaji orodha ili ajue mti mmoja umebadilika rangi. Anapita, anaona. Lakini akiona, haendi kulala.

Na mkono uliofunzwa una kazi yake, msinielewe vibaya. Huko Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 uliwahusisha wanawake 151,538. Wahudumu wanawake, si madaktari, walifundishwa kupima matiti kwa mikono, wakawa wanawapima wenzao kila baada ya miaka miwili, bila mashine yoyote. Baada ya miaka 20, saratani katika kundi lililopimwa zilikuwa zimegunduliwa mapema zaidi, na kwa wanawake wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka hiyo upungufu wa namna hiyo haukuonekana, na sitaki kuwauzia zaidi ya kilichopatikana. Kwa hiyo, mama, ukienda kituo cha afya kwa jambo lolote, kwa presha, kwa mtoto, kwa uzazi wa mpango, mwombe muuguzi akupime na matiti. Ni haki yako kuomba. Asipokuwa na nafasi leo, muulize uje lini.

Haya, donge limefika wapi? Nani ameona kitu? Mama wa kanga nyekundu anasema ameona komwe. Dada pale anasema komwe na harage. Choroko? Nani ameona choroko? Naona mnatazamana.

Tuliongelee hili kidogo. Aliyebonyeza kwa juu tu hakuona kitu. Aliyebonyeza kwa nguvu tangu mwanzo ameisukuma komwe chini ikapotea. Aliyeona ni yule aliyezungusha vidole polepole, kwanza kwa wepesi kama anayepapasa kitambaa dukani, kisha kwa kukaza kidogo, kisha hadi chini kabisa. Na titi ni hivyohivyo. Tumia sehemu laini za vidole vitatu vya kati, si ncha zenye kucha. Lala chali, weka mto mdogo chini ya bega, mkono wa upande huo uwe nyuma ya kichwa, ili titi lisambae juu ya mbavu. Kisha pita kwa mistari, kutoka juu kushuka chini na kutoka chini kupanda juu, kama anayepalilia matuta, bila kuruka tuta. Usiishie kwenye mviringo wa titi. Panda hadi kwenye mtulinga, nenda hadi ndani ya kwapa. Sehemu ya juu upande wa kwapani ndiyo inayotoa saratani nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya titi, na ndiyo watu wengi huiacha kwa haraka ya kumaliza.

Anayepata hedhi achague siku chache baada ya damu kukatika, maana kabla ya hapo matiti huvimba na kuwa na mabonge yanayotisha bure. Aliyekoma hedhi achague tarehe yoyote anayoikumbuka. Nawajua wanaochagua siku ya kikoba.

Kabla ya kugusa, tazama. Simama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kisha mikono juu. Hapa Muheza sina haja ya kuwaonesha picha, kwa sababu alama ninayotaka kuieleza mnaibeba kwenye matenga kila msimu. Chukua chungwa ulitazame kwa karibu, karibu kabisa na jicho: ganda lake lina vitundu vidogo vidogo, kama lililochomwa kwa sindano. Ngozi ya titi ikianza kuwa hivyo, nene na yenye vitundu, ni kwamba njia za maji ya mwili zilizo chini ya ngozi zimezibwa, ngozi imevimba, na vinyweleo vimebaki vimezama. Madaktari wa nchi nyingi huita hali hiyo ganda la chungwa. Kuna na nyingine: ngozi kuvutwa ndani kama shimo la kidole, chuchu iliyokuwa imetoka ikaingia, chuchu kutoa damu au maji bila kukamuliwa, upele wa chuchu usiopona, titi moja kuwa jekundu na la moto, uvimbe kwapani. Si lazima viwe vyote. Kimoja kinatosha kukupeleka hospitali.

Na choroko? Choroko imo. Mikono yote iliyolishika donge hili haijaiona, na mimi niliyeitia nisingeiona. Uvimbe mdogo kiasi hicho huonekana kwa mamografia, mashine ambayo haiko kila wilaya, tena haiwafai sana wasichana ambao matiti yao bado yana nyama nzito. Nimeiweka makusudi, ili mtu asije akatoka hapa akisema amejipapasa, hana kitu, basi yuko salama kabisa.

Ninakuja kwenye kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika kituo nilichofanyia kazi, alikuja binti wa miaka 28 akinyonyesha mtoto wa miezi minne. Ana uvimbe. Nikaugusa kwa haraka, kliniki imejaa, nikamwambia: ni maziwa yameganda, kanda kwa maji ya moto, mnyonyeshe mtoto upande huo zaidi. Akarudi baada ya wiki tatu, akapewa dawa za jipu. Akarudi tena. Mara ya tatu alikuja na mamamkwe wake, mwanamke wa Kisambaa aliyekaa kwenye benchi langu akaniambia kwa adabu, lakini kwa sauti ambayo kliniki nzima iliisikia: mwanangu, mimi nimenyonyesha watoto saba, maziwa hayagandi miezi miwili. Akakatwa kinyama, kikapelekwa maabara. Ilikuwa saratani. Huyu alipona, namshukuru Mungu, lakini ile miezi miwili nilimwibia mimi, na kama si mamamkwe ningemwibia zaidi.

Ninalisimulia kwa sababu si mara zote anayekaa ni mgonjwa. Wakati mwingine miguu imefika na ni sisi tulioirudisha. Uvimbe wa mama anayenyonyesha ukitibiwa wiki mbili na haujaondoka, dai ultrasaundi. Ukiambiwa hauna kitu nawe mkono wako unasema kipo, rudi. Rudi na mtu. Mwanamke aliyekuja na shangazi, wifi au mume husikilizwa kuliko aliyekuja peke yake. Haipendezi kusema hivyo, lakini nimekaa upande ule wa meza na nimeona.

Niwape na upande wa pili, maana hofu nayo inazuia miguu. Mama mmoja aliteremka kutoka milima ya Amani siku ya nne baada ya kugusa kivimbe. Alipigwa ultrasaundi, akachukuliwa kinyama, majibu yakaja kwamba ni uvimbe wa kawaida usio na madhara, wa aina inayowapata wasichana wengi na wanawake wengi. Akaniomba radhi kwa kutupotezea muda. Kutupotezea muda! Vivimbe vingi vya matiti si saratani, na njia ya kujua hilo ni kupima. Nilimwambia akigusa kingine arudi, hata kama ni mwezi ujao.

Najua mnachosemezana barazani: kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unaenea. Je, maneno haya yametoka wapi? Yametoka kwenye macho yetu wenyewe. Tunamwona jirani amekaa na uvimbe mwaka mzima akinywa maji ya majani ya mstafeli, anakwenda hospitali uvimbe ukiwa umeshafika kwenye mapafu, anapasuliwa, baada ya miezi mitatu tunamzika. Tuliloliona sisi ni kisu na kaburi. Mwaka ule wa majani hatuuhesabu. Lakini kuchukua kinyama ndiko kunakomwambia daktari ni ugonjwa gani na ni wa aina gani, maana dawa za aina moja hazifai aina nyingine.

Kina baba, msidhani nimewasahau. Kwanza, nanyi mna matiti: katika wagonjwa 100 wa saratani hii, mwanamume anaweza kuwa mmoja au asiwepo, na kwa kuwa hakuna anayetarajia, hufika amechelewa akidhani ni jipu. Pili, nimewasikia wanawake wengi wakisema kinachowazuia ni kuachwa wakikatwa ziwa. Sijawahi kumsikia mume akikiri mbele yangu kwamba angemwacha mke kwa sababu hiyo. Basi mwambieni leo, kabla hajaugua, ili siku akigusa kitu asianze kukupigia hesabu wewe.

La mwisho ni nauli, na hapa nazungumza na wenyeviti wa vikundi. Kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika karibu, lakini anayehitaji mionzi kutoka hapa mara nyingi huambiwa aende taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300, na mionzi hutolewa siku nyingi mfululizo. Atalala wapi? Atakula nini? Nimepekua katiba za vikundi vinne mlivyonikabidhi juzi. Vyote vina mfuko wa jamii. Vyote vinaeleza kwa shilingi kamili mwanachama akifiwa apewe nini, akifa mwenyewe familia ipewe nini, sanda, chakula cha waombolezaji, usafiri wa maiti. Hakuna katiba hata moja kati ya hizo nne inayotaja nauli ya mwanachama aliye hai aliyegusa uvimbe jana usiku. Mama wa udi alikuwa mwanachama wa kikundi. Msiba wake ulichangiwa vizuri sana, nilikuwepo. Nauli ya kuja kliniki, alinieleza, aliikosa mara tatu, akaona aibu kuomba.

Mtakutana lini kurekebisha katiba? Naona wenyeviti wawili wanaandika. Andikeni na tarehe.

Wauguzi wenzangu wawili wamekaa katika darasa lile lenye pazia la kijani, na watampima yeyote anayetaka, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hawatauliza dini wala kikundi. Atakayekutwa na kitu atapewa barua ya rufaa hapohapo, na mimi nitakuwa mlangoni kuandika nani anamsindikiza.

Na sasa naambiwa donge liko viti vya nyuma na kina baba hawataki kuliachia. Lirudisheni, tafadhali. Jumamosi nalipeleka Pangani, na choroko bado imo.